Singe 11 na kabati moja: shajara ya mradi, Moshi

Januari, wiki ya 2: hesabu na vipimo

Mezani kuna singe 11, visu vya kuchomekwa kwenye mtutu wa bunduki, na ala sita. Saba ni za Kiingereza: nne za muundo wa 1907, moja ya muundo wa 1888, moja ya No. 4 Mk II ambayo ni msumari mtupu usio na makali, na moja fupi ya No. 5. Nne ni za Kijerumani: S98/05 mbili, S71/84 moja, na S71 moja ndefu yenye mpini wa shaba ya njano. Ala nne ni za ngozi, mbili za chuma.

Kazi ni kuzisafisha kwa kiasi, kuziandikia maelezo yasiyodanganya, na kuzitundika ndani ya kabati la kioo lenye upana wa sentimita 120, kimo 60 na kina 25, litakalovuka masika ya Moshi bila kutu mpya. Hilo la mwisho ndilo zito. Vyuma hivi vimekaa darini, ghalani na kwenye makabati ya vyombo kwa miongo mingi, na ukivichunguza unaona kwamba umri haukuvidhuru sana. Vilidhuriwa na vilichogusana navyo: ngozi, mbao, jasho la mikono, na mashine ya kung'arisha.

Vipimo vinatangulia kitambaa. Kila singe ina kadi yake: urefu wote, urefu wa bapa kutoka kingamkono hadi nchani, kipenyo cha pete ya mtutu kwa zile zenye pete (S98/05 haina pete kamili), uzito, na picha tatu, yaani pande mbili na mgongo. Bapa la muundo wa 1907 linatakiwa kuwa milimita 432, la 1888 milimita 305, la S71 kama 470, la S98/05 karibu 370, la S71/84 karibu 250, na zile No. 4 na No. 5 karibu 200. Likipungua milimita tatu au nne, ncha ilivunjika ikanolewa upya. Likipungua sana, kuna mtu alihitaji kisu.

Namba 04 ndiyo hiyo. Ni ya muundo wa 1907 lakini bapa lake lina milimita 238. Ncha imetengenezwa upya kwa tupa, makali yamenolewa upande mmoja tu, pete ya mtutu imekatwa, na mbao za mpini si zile za kiwandani bali vipande viwili vilivyofungwa kwa misumari ya shaba iliyogongwa vichwa pande zote mbili. Ilitoka Kiboriloni, kwenye lundo la visu vya kukatia majani ya migomba. Mkusanyaji wa Uingereza asingeinunua hata kwa bei ya vyuma chakavu. Kwenye kabati hili itakaa mahali macho yanapofikia kwanza, na haitarekebishwa kitu.

Januari, wiki ya 3: kusoma alama

Rasimu ya kwanza ya maelezo ilikuwa na kosa ambalo hurudiwa kila mahali: namba 01 iliandikwa "imetengenezwa 1907". Ukiielekeza singe kwenye mwanga wa dirisha, kwenye sehemu nene ya bapa karibu na kingamkono unaona taji, chini yake GR ya Mfalme George, chini yake 1907, kisha tarakimu ndogo, kisha jina la kiwanda. Ile 1907 ni jina la muundo. Tarehe ni zile tarakimu ndogo: kwenye 01 ni "1" na "17", yaani Januari 1917, na kiwanda ni Sanderson. Upande wa pili kuna mshale mpana wa mali ya serikali, mihuri ya wakaguzi, na alama ya X inayoonyesha kwamba bapa lilikunjwa kwenye majaribio na likarudi sawa.

Namba 02 inafundisha zaidi. Ni ya Wilkinson ya 1911, na wakati huo singe hizi zilitoka na ndoana kwenye mwisho wa chini wa kingamkono. Ndoana ilifutwa 1913, na nyingi za zamani zilikatwa zilipopita kwenye karakana za jeshi. Kwenye 02, mwisho wa kingamkono una ubapa mdogo ambapo ndoana ilisagwa. Kichwani mwa mpini kuna tundu la kutolea uchafu, nalo lilianza kutobolewa 1916. Kwa hiyo singe hii ilirudi karakanani angalau mara moja baada ya kutoka kiwandani. Ukiletewa ya 1911 yenye ndoana kamili na tundu safi, shika pochi yako kwanza: ndoana huchomelewa, na bei hupanda mara kadhaa.

Za Kijerumani husomwa mgongoni. Karibu na kingamkono kuna taji, herufi W ya mfalme wao Wilhelm, na tarakimu mbili za mwaka. Namba 08 ina 15, kiwanda Simson & Co., Suhl, namba 09 ina 16, kiwanda Erfurt. Zote mbili zina bati jembamba juu ya mbao za mpini, lililoanza kuwekwa 1915 ili moto wa mtutu usiunguze mbao. Bapa lake hupanuka kuelekea nchani kisha huchongoka ghafla, na kila mtu wa huku anayeiona mara ya kwanza huiita sime. Umbo linafanana kweli, ingawa hayana uhusiano.

Mihuri ya vikosi ndiyo inayodanganya zaidi. Tunaiangalia kwa lenzi ya mara 10. Muhuri wa zamani umezeeka pamoja na chuma: chini ya herufi ni peusi kama pembeni, na kingo zake zimelainika. Muhuri uliogongwa juzi una ukingo mkali ulioinuka, na herufi zake hukatiza juu ya vishimo vya kutu badala ya kuliwa navyo. Namba 10 (S71/84) ina herufi na namba kwenye kingamkono zinazokatiza vishimo viwili. Maelezo yake yatataja muundo na kiwanda tu. Kikosi hakitatajwa.

Januari, wiki ya 4: mitungi saba dirishani

Kabla ya kumlipa fundi yeyote malipo ya awali, vifaa vya kabati vinajaribiwa. Mbinu yenyewe ilianzia British Museum mwaka 1973, nayo hutumia joto la nyuzi 60 kwa siku 28. Sisi hatuna tanuri la maabara, tuna dirisha la stoo yenye paa la bati. Kinachopatikana ni ulinganisho, na kwa kazi hii unatosha.

Kila mtungi wa jemu wenye kifuniko kinachokaza una gramu 2 za kifaa kinachojaribiwa, kizibo cha soda chenye matone kumi ya maji, na vipande vitatu vya metali vilivyosuguliwa kwa msasa namba 600 hadi ving'ae: msumari, kipande cha waya wa shaba wa umeme, na risasi. Risasi ni ile ya kwenye nyavu za wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu, iliyobondwa ikawa bapa. Hii ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu mvuke wa asidi ya siki huila risasi kabla ya kugusa chuma. Vipande vinaning'inia kwa uzi wa nailoni bila kugusa kifaa wala maji. Mtungi wa saba una maji na metali peke yake. Bila huo hujui unalinganisha na nini.

Ndani ya mingine sita: MDF (mbao za unga wa miti uliobanwa), mninga, alukobondi ya mabango ya maduka, merikani iliyofuliwa, silikoni inayonuka siki, na silikoni isiyonuka siki.

Februari, wiki ya 1 hadi ya 3: kusafisha

Kanuni ya kazi: kutu nyekundu inatoka, weusi unabaki. Nyekundu inashika maji na inaendelea kula. Ule weusi au ukahawia mzito uliotulia chini yake ni ganda linalokilinda chuma, na ndilo linalobeba alama. Ukiliondoa unapata singe inayong'aa kama kijiko cha harusi, isiyosomeka. Asidi ya aina yoyote hairuhusiwi mezani: siki, ndimu, soda, maji ya betri. Huingia kwenye vishimo, haisuuziki ikaisha, na mwezi mmoja baadaye kutu inarudi kutokea chini. Mashine yenye brashi ya waya ni mbaya zaidi, maana dakika mbili zinatosha kufuta muhuri wa mkaguzi.

Hatua zilivyokwenda kwenye namba 08, iliyokuwa mbaya kuliko zote:

Kwanza tapentaini ya madini kwenye kitambaa cha pamba, kuondoa grisi ya zamani na vumbi. Kitambaa cha tatu ndicho kilitoka cheupe. Kisha mafuta ya cherehani, tone moja kila sentimita tano, yakae usiku mzima. Asubuhi kutu iliyoinuka inakwanguliwa. Kwa sehemu pana tunatumia kijiti cha mwanzi kilichochongwa kama patasi. Kwa vivimbe vigumu tunatumia ukingo wa senti kumi ya zamani ya Afrika Mashariki, ile ya shaba yenye tundu katikati. Shaba ina ugumu wa kutosha kung'oa kutu iliyoinuka na ni laini kuliko chuma cha singe, kwa hiyo inang'oa bila kukwaruza. Chagua iliyofutika, iliyo safi ina wakusanyaji wake na watakununia.

Halafu pamba ya chuma namba 0000 pamoja na mafuta yale yale, kwa kufuata urefu wa bapa, bila kuzungusha duara. Stilwaya ya jikoni haifai: ni nene, na ile yenye sabuni huacha unyevu na chumvi. Mkono hausukumi, unapeleka tu. Sentimita kumi za bapa zilichukua dakika 40, na mfereji wa katikati ulichukua zaidi, ukisuguliwa kwa kijiti chenye pamba ya chuma iliyozungushwa nchani. Kazi inaishia pale kitambaa cheupe kinapopita na kurudi na rangi ya chai ya rangi nyepesi badala ya rangi ya tofali. Ukisubiri kitoke cheupe kabisa, umeshaanza kula ganda jeusi.

Mwisho ni tapentaini tena, mara mbili, kutoa mafuta yote, kisha nta. Nta ya nyuki hatutumii, ingawa Kilimanjaro nzima ina mizinga: ina asidi zake, na kwenye mpini wa shaba huota ukijani baada ya miezi. Tumetumia nta ya madini ile inayotumiwa na makumbusho, kiasi cha punje ya maharage kwa bapa zima, ikapakwa kwa kidole chenye glovu na kusuguliwa baada ya dakika tano. Kopo la mililita 65 limemaliza singe zote 11 na kubaki nusu. Asiyeipata apake mafuta ya cherehani kidogo sana na akubali kurudia kila miezi mitatu. Vaselini inazuia kutu vizuri kwenye sanduku lililofungwa, ila kwenye maonyesho inakusanya vumbi lote la barabarani.

Skrubu za mpini hazikufunguliwa isipokuwa kwenye 09, ambako kutu ilikuwa inasukuma mbao kutoka ndani. Bisibisi ya dukani huteleza na kuchana kichwa. Tuliisugua ncha kwa tupa hadi ikajaa mfereji wa skrubu kwa upana na kina. Mbao zilitoka, chini yake kulikuwa na unga wa kutu wa kijiko kimoja. Mbao zenyewe hazijasafishwa zaidi ya kufutwa kwa kitambaa kilichonyevuka. Weusi wa mikono ni sehemu ya kitu.

Singe ya msumari ilikuwa imekwama kwenye ala yake ya chuma. Ala ilisimamishwa mdomo juu, ikamiminiwa mchanganyiko wa mafuta ya taa na mafuta ya cherehani, nusu kwa nusu, ikaachwa siku tatu. Siku ya nne iligongwa pande zote kwa nyundo ya mbao, ikatoka kwa kuvutwa moja kwa moja. Usiizungushe, wala usipashe moto: mdomoni mwa ala kuna chemchemi, ukiivunja huipati nyingine. Njia hii ni ya ala za chuma peke yake. Mafuta yakiingia kwenye ngozi, hayatoki.

Februari, wiki ya 3: ngozi

Ala nne za ngozi zina matatizo mawili. Mbili za 1907 zinaacha unga mwekundu mkononi. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti ikizeeka kwenye hewa chafu hugeuka tindikali na kumung'unyika. Mafuta ya ngozi na dawa ya viatu hazisaidii hapo, zinaifanya iwe nyeusi na nzito kisha ipasuke. Tumeziacha kavu, zimelazwa juu ya karatasi isiyo na asidi, na hazishikwi bila glovu.

Ala ya S71 ina mdomo na ncha ya shaba, na kwenye mshono ambapo shaba inakutana na ngozi kumeota kitu cha kijani kama nta. Ni shaba inayoliwa na mafuta ya ngozi. Kinakwanguliwa kwa kijiti cha mwanzi na kufutwa kwa spiriti kidogo kwenye kijiti cha pamba, bila kugusa ngozi. Kitarudi, kwa sababu shaba na ngozi bado vimeshikana. Kazi inarudiwa mara moja kwa mwaka.

Uamuzi umetoka hapa: hakuna singe itakayohifadhiwa ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu wa hewa na kuubandika kwenye chuma, pamoja na asidi na chumvi zake. Ukichomoa 1907 iliyokaa kwenye ala yake miaka 30 utaona kutu imefuata mshono kama mstari wa rula. Ala zitakaa kwenye kisanduku chao cha kioo chini ya kabati.

Machi, wiki ya 1: matokeo ya mitungi

Silikoni inayonuka siki: risasi ilipata unga mweupe siku ya nne. MDF: siku ya tisa. Mninga: ukungu mweupe mwepesi siku ya 17, na msumari ukaanza madoa. Hili liliwaudhi waliotaka kabati la mbao, maana mninga ni mzuri na mafundi wa Moshi wanaujua. Lakini karibu kila mbao hutoa mvuke wa asidi, na kabati lililofungwa vizuri huukusanya. Vanishi hupunguza, haizuii. Alukobondi, merikani na silikoni isiyonuka siki zilikuwa sawa na mtungi wa maji matupu.

Kwa hiyo: fremu ya aluminiamu, mgongo wa alukobondi ya milimita 4 (ile ile ya mabango ya maduka), kioo, merikani. Mbao itakuwa nje tu, fremu ya urembo, isiyokutana na hewa ya ndani.

Machi, wiki ya 2 na ya 3: kabati

Kioo ni cha tabaka mbili zilizobandikwa, unene wa milimita 6 na ushee, ili kikivunjika kisimwagike juu ya singe wala juu ya mtoto. Kila mita ya mraba ina kama kilo 15, hivyo mlango wa sentimita 120 kwa 60 una kilo 11 hivi peke yake. Bawaba ni tatu, kufuli mbili, na ukutani kabati linashikwa kwa bolti sita za milimita 10 zilizoingia kwenye tofali la saruji, plasta haihesabiwi. Ukuta ni wa ndani ya nyumba. Ukuta wa nje hupoa usiku, na hewa ya kabati inayougusa hupanda unyevu hata kama hakuna maji yaliyoongezeka.

Kioo cha kwanza kilikatwa upungufu wa milimita 5 na kikarudishwa. Bora hicho kuliko kile kilichochomwa kuwa kigumu: hicho ukikosea kipimo hakikatwi tena wala hakitobolewi.

Merikani ilifuliwa mara mbili kwa maji ya moto bila sabuni ya kunukia, kutoa wanga wa kiwandani, kisha ikavutwa juu ya alukobondi na kukunjwa nyuma. Kaniki ingependeza zaidi nyuma ya chuma, ila rangi yake inachuja ikipata unyevu, na hatukutaka kujua ina nini ndani yake.

Vishikio: kila singe inakaa juu ya vijiti viwili vya chuma cha pua vya milimita 4 vilivyokunjwa kama herufi L, kimoja chini ya mpini karibu na kingamkono, kingine theluthi moja kutoka nchani. Tulifikiria vya shaba kwa uzuri wake. Tukaviacha: shaba ikigusa chuma penye unyevu, chuma ndicho kinacholipa. Kila kijiti kimevishwa mrija mwembamba wa plastiki unaonywea kwa joto, usio wa PVC, maana PVC ikizeeka hutoa asidi ya hidrokloriki. Makali yote yanaelekea chini.

Mpangilio ni safu sita kwa safuwima mbili, sentimita kumi kati ya safu. S71 ina zaidi ya sentimita 60 na inahitaji mwenzake mfupi kwenye safu moja, kama 04 iliyokatwa. Kwa hiyo ndefu kuliko zote na ile ya migomba ziko pamoja, katikati. Haikupangwa, lakini ingepangwa isingekaa vizuri zaidi.

Taa ni LED, nje ya kabati, juu ya kioo. Taa ya ndani hupasha hewa mchana na kuiacha ipoe usiku, na kibadili umeme chake ni jiko dogo.

Machi, wiki ya 4: unyevu

Chini ya sakafu ya kabati kuna droo ya kimo cha sentimita 8, na sakafu imetobolewa matundu ya milimita 10 kila sentimita 5. Droo ina kilo 4 za silika ya rangi ya chungwa, kwenye mifuko minane ya merikani ya gramu 500. Ujazo wa kabati ni mita za ujazo 0.18, na makumbusho mengi hufuata kanuni ya kilo 20 kwa mita moja ya ujazo, yaani 3.6, tumezidisha kidogo kwa sababu mlango wa fundi si mlango wa makumbusho. Mashine ya kukausha hewa tuliikataa mapema. Umeme ukikatika usiku wa mvua, inalala pamoja nasi.

Silika ya bluu inayogeuka waridi usinunue, ina kobalti. Ya chungwa hugeuka kijani. Tunaiamini mizani kuliko rangi: mfuko uliokaushwa ni gramu 500, ukifika 575 unarudi ovenini, nyuzi 110, saa nne hadi tano, umetandazwa kwenye trei usizidi sentimita 2. Ukipandisha joto juu ya 120 rangi inaungua, hata kama punje zenyewe bado zinafanya kazi.

Vipima unyevu vitatu vya bei nafuu vilipimwa kwa chumvi. Kijiko cha chumvi ya mezani kwenye kizibo, matone ya maji hadi iwe uji mzito, pamoja na kipima kwenye mfuko uliofungwa, saa 12. Lazima isome asilimia 75. Vilisoma 71, 75 na 79. Tofauti imeandikwa nyuma ya kila kimoja kwa kalamu.

Kwenye kona ya kabati tumeacha vipande vitatu vilivyosuguliwa: msumari, shaba na risasi, kama vile vya mitungini.

Aprili, wiki ya 3: shaba imekuwa nyeusi

Siku ya 19 baada ya kufunga mlango, kipande cha shaba cha kona kilikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, na upande ulioelekea mlango mweusi. Risasi safi. Msumari safi. Unyevu asilimia 41. Kwa hiyo si asidi na si maji. Kinachoweusha shaba na kuiacha risasi bila unga mweupe ni salfa.

Ilitafutwa kwa kuondoa kimoja kimoja, na haikuchukua muda: utepe mweusi wa mpira uliowekwa na fundi pembezoni mwa mlango ili ukaze. Mpira huo hupikwa kwa salfa. Haukuwahi kuingia mtungini kwa sababu ulionekana mdogo, na urefu wake, ukijumlisha pande nne, ni mita 3.6. Mpini wa S71 ulinusurika kwa sababu ya nta. Utepe umeng'olewa, gundi yake imefutwa kwa spiriti, na mahali pake pamewekwa utepe wa silikoni. Huo ulianzia mtungini, siku kumi, kabla ya kuguswa na mlango. Shaba ya kona imesuguliwa upya.

Mei, wiki ya 2: maelezo ya kadi

Kadi za ndani zimechapwa kwenye karatasi isiyo na asidi. Kila moja ina mistari minne: muundo, kiwanda na mwaka, vipimo, na kilichobadilishwa baada ya kiwanda. Asili ya kitu inaandikwa pale tu inapojulikana.

Kadi ya pamoja ndiyo iliyochukua muda, kwa sababu wageni huuliza swali moja: hii ya Kiingereza ilikuwa ya askari wa Kiingereza? Si lazima. Vita ilipoanza 1914, kampuni nyingi kati ya 14 za jeshi la Wajerumani huku bado zilibeba bunduki za muundo wa 1871, za baruti yenye moshi. Novemba mwaka huo Waingereza waliposhindwa Tanga waliacha nyuma mamia ya bunduki pamoja na risasi kama 600,000, na kampuni kadhaa za Wajerumani zikajizatiti kwa silaha hizo. Aprili 1915 meli Rubens ilifika ghuba ya Manza na bunduki mpya za Mauser. Machi 1916, baada ya mapigano ya vilima vya Latema na Reata upande wa Taveta, Moshi ikashikwa na Waingereza. Singe ilipita mikono mingi kabla ya kufika sokoni, na askari waliozibeba pande zote mbili, Keya (jeshi la Waingereza la King's African Rifles) na wale wa Mjerumani, wengi wao walikuwa Waafrika. Kadi inasema hivyo na kunyamaza.

Watu wanne tayari wameuliza kuhusu kwenda kutafuta nyingine Longido na mipakani kwa mashine ya kusaka vyuma. Kuchimba maeneo ya kihistoria ni mpaka kibali cha idara ya serikali ya Mambo ya Kale, na kwenye viwanja vya vita kuna mabomu ambayo hayakulipuka. Ukikutana na kitu cha mviringo chenye kutu, kiache kilipo na uwaite polisi.

Mei, wiki ya 4: vipimo baada ya mvua

Nje ya kabati, chumbani, asilimia 68 hadi 83 mwezi mzima. Ndani, 39 hadi 44. Mifuko ya silika: wa juu kabisa gramu 561, wa chini 548, haijarudi ovenini tangu Machi. Shaba ya kona inang'aa, risasi na msumari hazina kitu. Kisanduku cha ala kipo kwenye 54 bila silika, na ngozi haina ukungu.

Singe namba 08 ina doa moja jekundu, ukubwa wa kichwa cha kiberiti, kwenye mfereji, sentimita 11 kutoka kingamkono. Ni mahali ambapo kutu ya zamani haikutoka yote. Itashushwa Jumamosi: senti kumi, mafuta ya cherehani, tapentaini, nta.